Kibali cha Kumtazama Mwizi

Ilikuwepo nchi, na ipo mpaka leo, ambayo sitaitaja jina kwa sababu yenyewe haipendi kutajwa na mimi sipendi kuitwa kuhojiwa. Ni nchi nzuri tu. Ina mlima, ina ziwa, ina wizara arobaini na tatu, na kila wizara ina mlango wenye kibao kilichoandikwa KIKAO KINAENDELEA. Wananchi wake ni watulivu kupita kiasi, na ikitokea mmoja wao hajatulia, serikali humsaidia.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Bi Tausi Mpangala, mjane wa makamo mwenye kiwanda kidogo cha mikate. Kiwandani alionekana siku mbili tu kwa wiki. Siku zilizobaki alikuwa kwenye foleni. Msimshangae, ndivyo biashara inavyoendeshwa kule. Kuna foleni ya leseni, kuna foleni ya kuthibitisha kwamba leseni uliyopewa ndiyo uliyoomba, na kuna foleni ya kuchukua namba ya kusimama kwenye foleni. Mfanyabiashara akionekana kwenye biashara yake siku nne mfululizo, majirani huanza kumtilia shaka.

Akiwa huko, kiwanda alimwachia Mzee Makwinya, mwokaji wake wa miaka ishirini na miwili. Huyu alikuwa mzee mfupi mwenye magoti mabovu na mdomo mkali, aliyeamini kwamba dunia nzima haijui kutunza hamira isipokuwa yeye. Kila mkate, kabla haujaingia tanurini, aliuchanja mikato mitatu juu kwa wembe, myembamba na iliyonyooka kama chale. Hakuna mwokaji mwingine aliyefanya hivyo. Ukimuuliza sababu, alikuambia ushike kazi yako.

Basi mikate ikaanza kupotea. Haikuwa mingi, lakini ilikuwa kila siku, na kila mara ile ya maziwa iliyotoka kupoa. Bi Tausi aliwalaumu panya wiki nzima, kisha akakumbuka kwamba panya habebi mkate pamoja na karatasi yake. Ndipo akamwita fundi wa kamera za ulinzi. Fundi akamfungia kamera, akaiunganisha na mtandao, akamwekea kila kitu kwenye simu.

"Mama, hata ukiwa kwenye foleni ya mbinguni," alisema fundi, "ilimradi una bando, tanuri lako unaliona."

Bi Tausi akafurahi kwa siku moja kasoro saa mbili.

*

Kesho yake alikuja Afisa Rukonge wa Wizara ya Macho na Mtazamo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu nyingi na mkoba mweusi mkubwa, mkubwa kiasi cha kutosha mtoto.

"Shikamoo, mama. Tumesikia hapa kuna macho."

"Marahaba. Macho yapo mengi, mwanangu. Unayataka ya nani?"

"Yasiyo na kibali."

Akatoa kijitabu, akasimama wima, akasoma. "Kutazama kwa karibu ni haki ya kila raia. Kutazama kwa mbali ni jukumu la serikali, kwa kuwa serikali ndiyo iliyo mbali." Akakifunga kwa heshima. "Kwa hiyo mama, ukitaka kukitazama kiwanda chako ukiwa nje ya kiwanda chako, utaomba kibali. Lakini usihofu. Kamera yako nimeshaiandikisha kwenye Mtandao wa Taifa wa Kutazamana. Ni namba 4071. Nywila unaijua."

Nywila aliijua, kwani nani asiyeijua? Zamani kule kila mtu alikuwa na nywila yake, mpaka Waziri wa Macho na Mtazamo, Mheshimiwa Daktari Fumbwe Kilindilo, alipogundua kwamba huo ni ubinafsi. "Taifa moja," alinguruma, "litakuwaje na nywila milioni nane? Tunafichana nini?" Zikapigwa marufuku zote. Ikatungwa Nywila ya Taifa, itumike na kila mwananchi na kila ofisi, kwa kila kitu, bila ubaguzi. Nayo ni SisiSote1. Ile moja ya mwisho iliongezwa na wataalamu kutoka nje baada ya utafiti wa miezi saba, kwa ajili ya usalama. Watoto waliiimba shuleni kila asubuhi ili wasiisahau, na Wizara yenyewe ikawa ya kwanza kuitumia, kutoa mfano.

"Sasa tujaze fomu," alisema Rukonge. "Unaomba kutazama nini?"

"Mwizi wa mikate yangu."

"Jina la mwizi?"

Bi Tausi akadhani hakusikia vizuri. "Mwanangu, ningelijua jina ningefunga kamera ya nini?"

"Mama, fomu ikiwa na nafasi tupu, kompyuta inaikataa. Hatuwezi kukupa kibali cha kumtazama mtu asiye na jina, huo utakuwa umbea." Akamtazama kwa huruma. "Hebu tusaidiane. Nani hukaa karibu na mikate kuliko wote?"

"Karibu? Labda Mzee Makwinya, ndiye anayeioka. Lakini..."

"Makwinya," aliandika Rukonge, kwa mwandiko mzuri sana. "Ahsante, mama. Kwenye 'lakini' hakuna nafasi."

Bi Tausi alicheka. Namweleza kama alivyokuwa: alicheka, akamfungia afisa mkate mmoja wa njiani, maana alidhani ni upuuzi wa karatasi tu, na upuuzi wa karatasi alikuwa ameuzoea.

Saa kumi jioni askari wawili walikuja kumchukua Mzee Makwinya akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Tausi alikuwa mlangoni kwa Rukonge kabla ofisi haijafunguliwa.

"Kibali changu kiko wapi? Nifungulieni nitazame kamera, nimwonyeshe kila mtu kwamba yule mzee si mwizi!"

"Kibali kimefutwa, mama. Uliomba kumtazama mwizi, na mwizi ameshapatikana. Sasa unataka kutazama nini?"

Mchana huohuo akaja fundi wa Wizara akabandika karatasi yenye mhuri juu ya jicho la kamera namba 4071, kwa gundi. Toka siku hiyo kamera iliiona karatasi ya serikali tu, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa.

Kesi ilipangwa Ijumaa mbele ya Baraza la Mtazamo, Waziri mwenyewe akiwa mwenyekiti. Adhabu ya wizi wa chakula kule ni miaka mitano kwenye Shamba la Marekebisho, kulima mawe. Sikukosea kuandika. Mzee Makwinya alikuwa na miaka sitini na saba na magoti ambayo hayakubali hata kukaa kwenye kigoda.

Bi Tausi alikwenda kumwona mahabusu akiwa na chupa ya uji. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno, na alipofika yakaruka yote.

"Baba," alisema, akishika nondo za dirisha, "jina lako nililitoa mimi."

Mzee akanywa uji kwanza. "Kwani ungetoa la nani? Wale wengine wana watoto wadogo."

"Usinifanyie hivyo. Nitukane."

"Nitakutukana nikitoka. Nani anaoka?"

"Mimi na wasichana."

"Mungu wangu." Hilo ndilo lililomuuma. "Wembe uko juu ya kabati, ndani ya kopo la majani ya chai. Mikato mitatu, usiniaibishe. Na hamira, Tausi, usiiache wazi ikakauka. Unanisikia? Ukiniharibia hamira, bora hao wanipeleke kwenye mawe."

Bi Tausi alirudi nyumbani akilia barabarani bila kujificha. Siku ya pili akauchukua ule wembe. Mikate aliichanja yeye mwenyewe, mitatu mitatu, lakini mkono haukuwa wa Mzee: mkato wa kwanza ulikwenda sawa, wa pili ukapinda, na wa tatu ukakimbilia pembeni kama mtu aliyeona askari.

Na mikate ikaendelea kupotea.

Akaenda kuripoti. "Afisa, mwizi mliyemkamata yuko ndani siku ya tatu, na mikate bado inaibwa."

Rukonge alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona jinsi alivyo hodari?"

*

Hapa nieleze jambo moja la kule. Kila siku, saa saba kamili mchana, nchi nzima huwa na Saa ya Utulivu. Kazi husimama. Waliomo ndani hutoka nje na kujipanga mstari, na walio kwenye foleni hubaki kwenye foleni, kwa kuwa wao tayari wako kwenye mstari. Wote huelekea kwenye kipaza sauti na kusikiliza hotuba ya Mheshimiwa Waziri, inayorushwa moja kwa moja kutoka mezani kwake, mpaka saa nane. Kukatiza hotuba ni kosa kubwa. Milango huachwa wazi ili hotuba iingie mpaka ndani, kwani vyombo navyo vina haki ya kusikia. Wanaoruhusiwa kutembea saa hiyo ni Wakaguzi wa Utulivu peke yao, ambao huingia jengo moja baada ya jingine kuhakikisha hakuna aliyejificha. Mkaguzi wa mtaa wa Bi Tausi alikuwa Afisa Rukonge, yeye na mkoba wake.

Nyinyi mmeshaelewa. Bi Tausi hakuwa ameelewa bado, kwa sababu hajawahi kusoma hadithi hii.

Alhamisi, siku moja kabla ya kesi, alikuwa Wizarani kwenye foleni ya kuomba kuongezewa muda wa kuomba. Foleni ilikuwa imebanana kwenye korido, kandokando ya mlango wenye kile kibao cha kikao. Saa ya Utulivu ikaingia, ikapita, ikakatika. Ilipofika saa nane na nusu miguu ilikuwa inawaka moto. Akatoa simu, akaficha mwanga kwa kanga, angalau aone kama ile karatasi imebanduka. Akafungua Mtandao wa Kutazamana. Chini ya kanga hakuziona tarakimu vizuri. Badala ya 4071 akabonyeza 4017. Akaweka SisiSote1.

Hakuona karatasi. Aliona chumba kizuri chenye zulia na meza ndefu. Waheshimiwa saba walikuwa wamekaa mbele ya birika la chai, na mmoja wao, Afisa Rukonge, alikuwa anafungua mkoba mweusi na kutoa mikate. Mkate wa kwanza alioukata ulikuwa na mikato mitatu juu. Mmoja ulikuwa sawa, mmoja umepinda, na wa tatu umekimbilia pembeni.

Huo aliuchanja yeye. Asubuhi ileile.

Nyuma ya ukuta aliokuwa ameuegemea, watu walicheka kwa sauti. Sekunde mbili baadaye, kwenye simu, watu walewale wakafungua midomo kucheka. Bi Tausi akautazama ukuta, akaitazama simu, akautazama tena ukuta. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamziba.

Nyuma yake alisimama Bwana Ng'ombo, muuza magodoro aliyekuwa anasubiri mhuri mwezi wa nne. Alikuwa anachungulia begani bila aibu yoyote.

"Dada, samahani. Hao si ndio wako kwenye kikao?"

"Ndio hao."

"Wanakula."

"Wanakula mkate wangu! Mzee wa watu yuko ndani kwa mkate huo!"

Bwana Ng'ombo akatoa simu yake. "Namba ngapi hiyo?"

Akamtajia. Nywila hakumtajia, haikuwa na haja. Bwana Ng'ombo akampa namba aliye nyuma yake, naye akampa wa nyuma yake, na kwa kuwa foleni ile ilikuwa ndefu mpaka barabarani, na barabarani ilikutana na foleni ya wizara nyingine, kufikia jioni namba 4017 ilikuwa imefika mpakani.

*

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa. Mheshimiwa Daktari Kilindilo aliingia akiwa na kofia mbili, ya uwaziri na ya uenyekiti, moja kichwani na nyingine mkononi. Mzee Makwinya aliletwa akichechemea. Alipomwona Bi Tausi alimuuliza kwa midomo tu: hamira? Bi Tausi akaitikia kwa kichwa kwamba iko salama, ingawa huo ulikuwa uongo mtupu.

"Wananchi," alianza Mheshimiwa, "leo hatumhukumu mtu. Tunauhukumu mkono. Mkono unaochukua kisicho chake ni mkono wa adui, hata kama umeungana na bega la mzee. Nauliza: taifa litasongaje mbele ikiwa mkate hauko salama ndani ya karatasi yake?"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu kule hotuba ikiwa na swali hupigiwa makofi.

Bi Tausi akaitwa mbele.

"Mheshimiwa, huyu hakuiba. Aliyeiba nimemwona kwa kamera, jana, saa nane na nusu."

"Kwa kibali gani? Kamera yako imefungwa!"

"Yangu imefungwa, Mheshimiwa. Nimetazama yenu."

Mheshimiwa akabadilisha kofia.

"Na uliingiaje kwenye kamera ya Wizara?"

"Kwa nywila yako, Mheshimiwa. Ile uliyotuimbisha."

Mheshimiwa alifungua mdomo ili ampeleke mahabusu hapohapo, na huenda angefanikiwa, lakini ilikuwa saa saba kamili. Vipaza sauti vikakoroma. Ukumbi mzima ukasimama palepale, kwani ndiyo sheria kwa walio mbele ya Baraza, na sauti nzito ikajaa kila mahali.

"Wananchi wenzangu," ilisema sauti ya Mheshimiwa Daktari Kilindilo, "ninapozungumza nanyi moja kwa moja muda huu, niko peke yangu mezani kwangu, sijatia hata tonge tumboni kwa kuwafikiria ninyi..."

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amesimama palepale mbele yao, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka ndani yake. Alitaka kusema. Shingo ilimvimba kwa kutaka kusema. Lakini kukatiza hotuba ya Waziri ni kosa, na aliyeiandika sheria hiyo, yaani yeye, alisahau kujitoa. Askari wawili wa Utulivu walikuwa wanamkodolea macho, vijana wageni kazini na wanaojua sheria yote kwa kichwa.

Kisha watu wakatoa simu. Hakuna sheria inayokataza kutazama ukiwa umesimama wima. Simu mia tatu zikainuliwa kifuani, zote kwenye 4017, na Bwana Ng'ombo, aliyekuja na simu kubwa ya kuazima, akaigeuza taratibu imwelekee Mheshimiwa ili asibaki nyuma.

Kwa muda mrefu chumba cha chai kilikuwa kitupu. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Afisa Rukonge, anafuta jasho. Akatoa mikate mkobani mmoja mmoja. Akaukata wa kwanza, akachagua vipande vinne vizuri, akavipaka siagi mpaka pembeni, akavipanga kwenye sahani ya maua, akaifunika kwa kitambaa. Juu ya kitambaa akaweka kikaratasi. Kamera za Wizara ni nzuri sana, kila herufi ilisomeka: MHESHIMIWA.

"...kwani kiongozi wa kweli," ilisema sauti, "huridhika na maji."

Saa nzima, ndugu zangu. Saa nzima Mheshimiwa alisimama akijisikiliza.

*

Serikali ya kule si ya kushindwa kirahisi. Saa nane na dakika moja Mheshimiwa alitangaza kwamba wananchi wameshuhudia zoezi la kuupima Mtandao wa Kutazamana, na kwamba zoezi limefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Mikate haikuwa imeibwa. Ilikuwa imeshirikishwa. Afisa Rukonge, kwa kazi nzuri ya kubeba vifaa vya zoezi, alipandishwa cheo na kupelekwa wilaya ambayo haina kiwanda cha mikate. Na Mzee Makwinya aliachiwa arudi kazini, kwa sharti kwamba mwajiri wake alete, ndani ya siku saba, barua ya kuachiwa iliyopigwa mhuri, dirisha namba tatu.

Jioni hiyohiyo, kwa sababu za kiusalama, Nywila ya Taifa ilibadilishwa. Waziri aliitangaza mwenyewe redioni, polepole, mara tatu, ili asiwepo mwananchi atakayeachwa nyuma. Sasa ni SisiSote2.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Bi Tausi alikuwa tena kwenye korido ileile, mtu wa kumi na tisa kutoka dirishani. Bwana Ng'ombo alikuwa nyuma yake, mwezi wa tano sasa. Mzee Makwinya alikuwa ameshaingia kazini toka alfajiri, lakini Bi Tausi hakuwa amemwona, maana foleni ilimtaka mapema. Akatoa simu kwa mazoea, akabonyeza 4071, safari hii kwa uangalifu.

Karatasi ilikuwa imebanduka. Gundi ya serikali haikuuweza mvuke wa tanuri.

Alimwona Mzee amesimama katikati ya kiwanda, aproni kiunoni, ameshika kopo la hamira. Akalichungulia ndani. Akalinusa. Kisha akainua uso, akaitafuta kamera pembe hii na ile mpaka akaipata, akalitikisa lile kopo mbele yake kwa hasira huku mdomo ukienda bila sauti. Bi Tausi hakuhitaji sauti. Kila tusi alilielewa, na yalikuwa mengi, yale yote aliyoahidiwa mahabusu. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kanga mdomoni.

"Dada, vipi?" aliuliza Bwana Ng'ombo. "Wanakula tena?"

Akataka kuificha simu, kisha akaona haya kuficha. Akamwonyesha. Bwana Ng'ombo akatazama, akatoa simu yake mwenyewe. Nyuma yake mwingine akauliza namba.

Mzee alikuwa ameshaweka kopo chini. Alikanda unga kwa uzito wa mwili mzima, akaukatakata, akaupanga kwenye trei, kisha akachukua wembe. Mkato mmoja, wa pili, wa tatu, yote imenyooka. Korido nzima ilikuwa kimya, kimya kuliko Saa ya Utulivu yoyote.

Dirisha namba tatu likafunguliwa. "Anayefuata!" aliita karani. Akaita tena. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, foleni ilikuwa na nafasi mbele, na hakuna aliyeiwahi.